Samaki wa Kukaa Tangi Moja

Swali lenu huwa ni lile lile. Mnanipigia simu, mnanitumia picha, mnakuja mpaka hapa kwangu Sumbawanga na ndoo mkononi. Shikamoo bibi, marahaba, halafu linakuja: "Bibi, samaki gani wanapendeza?" Jamani! Damu inanichemka hapo hapo. Wanapendeza wote! Sijawahi kuona samaki mbaya tangu nizaliwe, na nimezaliwa Wampembe, mahali ambapo mtoto anajua samaki kabla hajajua kuhesabu. Niulizeni nani anaweza kukaa na nani bila kumla, bila kumpiga, bila kumsukuma kwenye kona mpaka afe kwa woga. Hapo nitakaa chini niwaeleze mpaka chai ipoe.

Msinichukie kwa ukali. Mikono imestaafu, mdomo bado uko kazini. Nimetengeneza na kutunza matangi ya samaki katika mji huu kwa miaka zaidi ya ishirini, na makosa yote mnayoyafanya leo nimeyafanya mimi kwanza, tena mbele za watu, tena kwa kujiamini. Nitawasimulia moja tu, kubwa kuliko yote, lile ambalo nusura linirudishe Wampembe kuanika dagaa.

Zilikuwa zile enzi za ruksa. Biashara imefunguliwa, kila mtu anajaribu bahati yake. Maduka ya hapa mjini yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu, ghafla yana redio, baiskeli, mitumba hadi dirishani. Na kule Kirando, ziwani, wakaja watu wanaotaka kununua samaki wakiwa hai. Siyo wa kula. Wa kutazama! Wanawapakia kwenye mifuko ya nailoni wanawapeleka Ulaya. Nilipomweleza mama yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. "Anamtazama mpaka lini?" akauliza. "Macho yakishashiba, anamla?"

Cheka usicheke, mimi nilipata kazi pale kwenye kituo chao cha kukusanyia samaki. Kazi yangu ilikuwa kupokea samaki kutoka kwa wapiga mbizi na kuwatenga, kila aina kwenye beseni lake. Majina ya kitaalamu yalikuwa yanauma ulimi, kwa hiyo tukawapa majina yetu. Kulikuwa na Wekundu, wale wanaokwangua ukijani kwenye mawe. Kulikuwa na Nundu, mkubwa, ana milia myeusi na uvimbe kwenye paji la uso. Wembamba, wanaokwenda kwa makundi. Watoto wa Milia, warefu kama kidole, hawatoki kwenye nyufa za mawe. Na Wapangaji, hawa ndio kichekesho, samaki wadogo kabisa wanaoishi ndani ya magamba ya konokono waliokufa.

Miaka saba nilifanya kazi hiyo. Nilikuwa namjua samaki mgonjwa kwa namna anavyohema. Nilikuwa najua umnyime chakula siku mbili kabla ya safari, asije akachafua maji ya mfuko njiani akajiua kwa kinyesi chake mwenyewe. Nilijiona profesa. Mwenye kituo alipohamishia shughuli zake ng'ambo ya ziwa na sisi tukapunguzwa, sikutetemeka hata kidogo. Nikafunga kitenge changu, nikapanda lori la mahindi mpaka Sumbawanga.

Hapa mjini alikuwepo Mzee Hamudi, mfanyabiashara, mwenye duka la jumla na mabasi mawili. Alikuwa anajenga gesti mpya, na kwenye safari zake alikuwa ameona mahali tangi la samaki ukumbini, likamkaa moyoni. Nikamfuata dukani.

"Shikamoo Mzee. Mimi naweza kukutengenezea tangi kama hilo."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe binti?"

"Mimi. Miaka saba nimekaa na samaki hao kuliko ndugu zangu."

Akafikiri, akasema: "Nataka la kioo, refu kama mtu aliyelala. Na ndani nataka rangi zote. Zote! Siku ya ufunguzi wakiwa hai na wanapendeza, wewe ndiye mtunzaji wangu, una mshahara, na marafiki zangu wote nitawaleta kwako. Wakiwa wamekufa, tusijuane."

Mnaelewa uzito wake? Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, sina mume wala mtaji. Mama alikuwa tayari amenitengea kipande cha mchanga pale ufukweni nirudi tuanike dagaa pamoja, na alifanya hivyo kwa upendo, lakini mimi sikukitaka kile kipande cha mchanga. Nilikuwa nimeipenda kazi ya samaki hai. Nilitaka niishi nayo, na tangi la Mzee Hamudi lilikuwa mlango pekee ulio wazi katika mji mzima.

Maji ndiyo yaliyonipa shughuli kwanza. Maji yetu ya huku juu ni laini mno. Oga huku na sabuni ya kipande, povu linakufunika. Kaoge ziwani na sabuni hiyo hiyo, unasugua mpaka unachoka. Samaki wa ziwani wamezoea maji yale magumu, ukiwatia kwenye maji laini ghafla wanalegea. Dawa yake niliijua: gunia la magamba ya konokono kutoka ufukweni, unaponda mengine, unayaosha, unayalaza chini ya mchanga na ndani ya chujio. Halafu maji ya bomba yakae kwenye pipa siku mbili ndipo yaingie. Na baridi! Mwezi wa sita hapa Ufipa asubuhi unaweza kukata maji kwa kisu. Hita ilikuwepo, lakini umeme wa siku zile ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo nilikuwa naelekeza macho kwenye taa na masikio kwenye birika. Umeme ukikatika nachemsha maji, najaza chupa za soda, nafunga vizuri, nazitia ndani ya tangi zielee. Pampu ya hewa ikizimika nachota maji kwa jagi nayamimina kutoka juu, tena na tena, mpaka mkono unakufa ganzi. Nyie leo mna betri za akiba, mnalalamika nini?

Basi, maji yakawa mazuri, mawe yakapangwa, nikatelemka Kirando kuchagua samaki kwa wavuvi waliokuwa bado wanao. Na hapo ndipo profesa alipochemsha.

Nilichagua samaki kama mtu anayechagua vitenge sokoni. Wekundu wawili, wa rangi. Nundu mmoja, wa heshima. Wembamba sita, wa kumeremeta. Watoto wa Milia wawili. Wapangaji wanne. Nilivyowatia wote pale, haki ya Mungu, nilipiga makofi peke yangu ukumbini! Mafundi rangi wakaacha brashi wakaja kutazama. Mzee Hamudi alivuta kiti akakaa mbele ya kioo hadi adhana ikamwinua.

Siku ya tatu, asubuhi, Wembamba walikuwa wanne. Nikatafuta chini, nikatafuta nyuma ya mawe, nikatafuta sakafuni nikidhani wameruka. Siku ya nne walikuwa wawili, na Nundu amejaa tumbo, anaogelea taratibu kama mtu aliyetoka harusini. Mwekundu mmoja alimgeukia mwenzake, akamfukuza asubuhi mpaka jioni, mapezi yakabaki nyuzi, maskini akajibana kwenye kona ya juu karibu na hita hata kula hashuki. Wapangaji hawakuwa na magamba ya kuingia, maana magamba yote nilikuwa nimeyaponda au kuyafukia, wakawa wamelala mchangani wanahema. Na kwa vile mimi ni binti wa dagaa, nilikuwa nawalisha wote unga wa dagaa, mzuri, safi, wa Wampembe. Yule Mwekundu mbabe akala, akala, akavimba tumbo, akafa. Ushindi wake hakuufaidi hata wiki.

Mzee Hamudi alinikuta nimeshika kijiwavu, machozi yananitoka.

"Dafroza," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo iliyonitisha, "umeniwekea vita ukumbini. Wageni nimeshawaalika. Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Una siku tisa."

Nikawapakia waliosalia, kila mmoja na mfuko wake, nikapanda gari la kwanza la kushuka ziwani, mkia katikati ya miguu.

Kirando kulikuwa na mpiga mbizi wetu wa zamani, Kaloli. Kanizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwita kaka, na ni mtu ambaye hawezi kusema sentensi mbili bila kukutania. Nilimkuta anaziba mtumbwi.

"Kaka Kaloli, samaki wenu wameniua."

"Wamekuua wao au umewaua wewe?"

Nikamsimulia yote. Nilipofika kwa Wekundu akanikatiza. "Uliweka wangapi?"

"Wawili."

Akajipiga paji la uso. "Wawili! Yesu na Maria! Dafroza, tumefanya kazi pamoja miaka saba. Hata siku moja, moja tu, umewahi kuniuliza niliwakuta wapi?"

Nilitafuta siku hiyo kichwani, sikuipata. Nilikuwa namuuliza wako wangapi, wameumia, ndoo iko wapi. Miaka saba niliwajua samaki wakiwa wametengwa, kila mtu na beseni lake, wapole wote, nikadhani upole ule ni tabia yao. Kumbe walikuwa wapole kwa sababu nilikuwa nimewatenganisha mwenyewe.

Kaloli akaingia ndani, akatoka na miwani yake ya kuzamia. "Vaa."

"Mimi?"

"Hapa kuna nani mwingine?"

Vijana wangu, sikilizeni. Mimi nimezaliwa ufukweni. Nimefua ziwani, nimechota maji ziwani, nimeogelea tangu nina meno ya utoto. Lakini kuingiza uso na kufungua macho mle ndani sikuwahi. Sisi wanawake ziwa tulilijua kwa juu. Nikajifunga kitenge kwa nguvu, akanipeleka kwa mtumbwi mpaka kwenye majabali, tukatelemka majini, nikashika ukingo, nikazamisha uso.

Nikapiga kelele ndani ya maji! Nikameza nusu lita! Nikainuka nakohoa, nacheka, nalia, sijui kipi ni kipi, nikarudi tena. Walikuwa wote pale! Wekundu mamia, mamia, wanakwangua mawe, huyu anamsukuma yule, yule anamsukuma mwingine, na hakuna anayeumia. Watoto wa Milia kwenye nyufa, kila ufa na wenyewe, wanachungulia. Kwenye mchanga, magamba yametapakaa, na kila gamba lina Mpangaji wake anayefukuza watu mlangoni. Na juu ya mawe, kwenye maji matupu, Wembamba wengi mno, wote wanageuka kwa pamoja. Kaloli alikuwa ananishika mkono ananionyesha kwa kidole, kule, na kule, na kule, na mimi nilikuwa nataka kumbusu yule kaka kwa furaha.

Tulipopanda mtumbwini meno yananigongana, akanieleza. Wekundu ni wagomvi wote, lakini wakiwa ishirini au zaidi, kipigo kinagawanyika, hakuna anayekibeba peke yake. Ukiweka wawili, mmoja anapigwa kwa niaba ya ukoo mzima. Tena hao hula majani ya mawe, utumbo wao haujui nyama, na mimi nilikuwa nawapa dagaa. "Mchicha, Dafroza! Mchicha wa kuchemsha!" Na Nundu anakaa chini kabisa kwenye giza, lakini kukicha anapanda kuwawinda Wembamba. "Sasa wewe," Kaloli akasema akicheka mpaka mtumbwi unayumba, "umemchukua mtu, umemfungia chumba kimoja na chai yake ya asubuhi."

Kwa hiyo nikachagua upya, na safari hii sikuangalia rangi. Nilianza na nyumba. Tangi lina orofa tatu, mnaniona? Juu kuna maji matupu, katikati kuna mawe, chini kuna mchanga. Kila orofa nikatafuta mkazi wake anayekula kinachofanana na cha wenzake na asiyeweza kumeza jirani. Wembamba kumi na wawili wa juu. Jozi moja tu ya Watoto wa Milia kwa mawe, jozi iliyochaguana yenyewe, Kaloli aliwatoa ufa mmoja. Wapangaji sita wa chini, na magamba mazima kumi na tano, maana magamba yakiwa machache kuliko samaki, umeleta kesi ya viwanja. Wekundu niliwaacha ziwani, na moyo uliniuma. Nundu na wenzake wa mwanzo nikawarudisha kule kule.

Na mawe, jamani, msikose hili: yalaze juu ya kioo chenyewe kwanza, ndipo umwage mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, Wapangaji wanachimba, jiwe linaporomoka, na kioo ndiyo kwaheri.

Wakati wa kupanda mlima, mifuko ile niliifunika blanketi mbili na koti langu, mimi mwenyewe nikatetemeka mpaka mjini. Mzee Hamudi alipoona akakunja uso. "Wekundu wako wapi?" Nikamwambia hawapatani na hawa. Akanung'unika. Lakini siku zikapita, nikahesabu asubuhi, nikahesabu jioni. Kumi na wawili. Wawili. Sita. Kumi na wawili. Wawili. Sita. Kila nikihesabu roho inaruka.

Jumamosi ikafika. Ukumbi umejaa, kanzu na suti, pilau inanukia, watu wamejipanga mbele ya tangi. Wazee wazima wanachuchumaa kumtazama Mpangaji mdogo kama kiungo cha kidole akitoka kwenye gamba lake kupigana na vidole vyao kupitia kioo! Mzee Hamudi anatembea kifua mbele, anawaonyesha, anawaambia jina langu. Mimi nimesimama pembeni na gauni langu la Pasaka, natamani kuruka.

Ndipo akaingia dereva wa basi lake la Kirando na ndoo. Zawadi kwa bosi. Ndani ya ndoo alikuwa kuhe mchanga, hai, wa urefu wa kiganja, mwili wa dhahabu, madoa meusi safi ubavuni. Kwa kweli alikuwa mzuri kuliko wote waliokuwa tangini. Watu wakashangilia. Sisi wote tunamjua kuhe akiwa kwenye sahani, hakuna aliyewahi kumwona akiwa hai na macho yake mawili.

"Dafroza!" Mzee Hamudi akaita, anang'aa. "Mtie! Sasa rangi zimetimia."

Kuhe! Akikua anafika urefu wa mkono, na kazi yake ni kula samaki wenzake. Nikaona Wembamba wangu. Nikaona na ule mchanga wa Wampembe, kwa sababu mshahara, marafiki zake, kila kitu kilikuwa mkononi mwa mzee huyu aliyesimama mbele ya mji mzima akiningoja.

"Mzee, hapana," nikasema.

Mzee Hamudi akanisogelea.

"Umesema?"

"Nimesema hapana, Mzee. Unisamehe. Huyu hatiwi humu."

"Tangi la nani hili?"

"La kwako."

"Na samaki huyu wa nani?"

"Wa kwako."

"Basi mtie."

Nikajikaza. "Nikimtia, wiki haitaisha, utakuwa na samaki mmoja ameshiba. Mimi siwezi kufanya hivyo nikijua. Nifukuze kwanza, Mzee, halafu atakayebaki amtie."

Mzee Hamudi akachukua ndoo yeye mwenyewe, akasogea mpaka kwenye tangi. Nikafumba macho. Nikangoja mlio wa maji, haukuja, nikafumbua. Alikuwa amesimama na ndoo kifuani, anatazama tangini, halafu ndani ya ndoo, halafu tangini.

"Sasa huyu nimpeleke wapi?" akauliza, bila kugeuka.

"Ama tangi lake, Mzee, ama jikoni."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Aliinamia ile ndoo, na kuhe naye akainua kichwa.

"Jikoni hapana," akasema polepole. "Ameshaniangalia." Kisha akanigeukia. "Tangi la pili linachukua siku ngapi?"

"Siku nne."

"Anza kesho."

Kesho! Nani angoje kesho? Nilimtilia kuhe maji ya pipa kwenye beseni kubwa, nikamfunika, nikachukua sahani yangu ya pilau, na nikala nikitembea, na gauni langu la Pasaka, kwenda kumgongea fundi vioo.